Wilhelmina Atoke Kaunta, Aandike Vijitabu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu uliyetoka Dar es Salaam, sisi mafundi na wahudumu tunakukaribisha Mabatini. Kiti ulichokalia kimenunuliwa juzi kwa ajili yako. Meza zetu ni zile zile.

TULIKOTOKA
Biashara ilipofunguliwa, kampuni ilianza kuleta injini za mitumbwi kutoka ng'ambo. Kila injini ilikuja na kijitabu kilichotafsiriwa na wataalamu wa makao makuu. Ukurasa wa kwanza unaagiza: "Ukitoka baharini, suuza injini kwa maji yasiyo na chumvi." Mzee Mhoja wa Nansio, mvuvi wa ziwani kisiwani Ukerewe, alisoma hapo, akakifunga.

"Mimi bahari sina," alimwambia Wilhelmina Rwehumbiza, mpokea malalamiko wetu. "Nikajua hiki ni cha watu wa Tanga."

Habari ya kuchanganya oili na petroli ilikuwa kurasa za ndani, ambazo hakuzifikia. Injini yake iliungua.

TULICHOFANYA
Wilhelmina alichoka kueleza jambo lile lile kutwa nzima. Akaandika maelekezo yake mwenyewe, oili ikitangulia. Kabla ya kuyapiga chapa humpa mteja ayasome kwa sauti, mkono ukiwa kwenye injini. Mteja akisita, yeye hufuta na kuandika upya.

"Binti, umeniweka darasani uzeeni," Mhoja alimtania.

"Leo mwalimu ni wewe, baba. Soma."

Tangu hapo injini zilizoungua tunaziona kwa nadra.

KINACHOTUKERA
Sasa kampuni inatafuta mwandishi wa vijitabu. Wilhelmina aliomba. Meneja akamjibu mbele yetu, "Dada, wewe ni wa kaunta. Uandishi una wenyewe."

Wenyewe ni hao walioipeleka bahari Ukerewe. Sisi tuliosoma masomo ya jioni, mikono ikinuka grisi, hatuidharau shahada. Tunaidharau pale inapoandika bila kumuuliza mtu. Leo jioni utaletewa jina moja ulitilie sahihi, nalo si la Wilhelmina.

OMBI
Usilitie sahihi. Mpe Wilhelmina kazi ambayo tayari anaifanya bila cheo.

Ukikataa, tunaomba utujibu kwa maandishi. Wilhelmina atatusomea jibu lako kwa sauti, na tutakaposhindwa kulielewa, atakusaidia kuliandika upya.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na awatunze walio wako.

Ni sisi,
Mafundi na Wahudumu wa Kaunta, Tawi la Mwanza.
Imesomwa kwa niaba yao na Elias Luhaga, fundi mkongwe.