Torbjørg na Kadi ya Kabati la Saba

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Torbjørg Haukenes anastaafu baada ya kuitumikia Makumbusho ya Hovdanes kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kukata tiketi na kufuta vioo, baadaye akaongoza wageni, na kwa miaka kumi na tisa sasa ndiye anayeandika kadi zinazokaa chini ya vitu vyetu. Panga za Waviking, mabaharia wa kale wa huku kaskazini, shanga, vitana vya mifupa, misumari ya mashua: maelezo yote unayosoma hapo ni yake.

Wapo wageni wanaokuja kutoka Amerika na majibu ya vipimo vya vinasaba, wakitangaza kwamba wao ni ukoo wa wafalme wa Waviking. Torbjørg huwapokea vizuri, kisha huwauliza, "Na wachunga nguruwe je, wao hawakuzaa?" Mmoja wao alimtumia salamu za Krismasi na kutia sahihi: Mchunga Nguruwe wa Minnesota.

Katika kabati la saba kuna pete kubwa ya chuma iliyotungwa pete ndogo nne. Ukiitikisa inalia. Ilichimbuliwa kaburini, kwenye shamba la jirani yetu, na wataalamu wamebishana juu yake tangu hapo. Wengine wanasema ni ya farasi, wengine ya kufukuzia pepo. Kadi ya Torbjørg ina neno moja tu: "Hatujui."

Mwezi Aprili, tulipokuwa tunapanga upya ukumbi, mkurugenzi wetu Eivind alitaka iandikwe "Njuga ya farasi".

"Torbjørg, watu hawalipi kiingilio waje kusoma kwamba hatujui," alimwambia wakati wa kahawa.

"Sasa wakasome wapi? Huko kwingine kila mtu anajua," Torbjørg akajibu, huku akipanga jibini ya kahawia juu ya mkate wake.

Walikubaliana kadi ibaki mpaka Torbjørg atakapostaafu. Wiki nzima alikunywa kahawa yake amesimama mbele ya kabati lile.

Mimi nilianza kazi mapokezi mwezi Juni, mara tu nilipomaliza shule. Siku ya tatu, mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake alisoma kadi hiyo, akaniuliza kama ni kweli hatujui. Niliona haya. Nikamwambia ni njuga ya farasi. Walipoondoka, nikagundua Torbjørg alikuwa nyuma yangu. Hakunigombeza.

"Wameelekea wapi?"

"Kivukoni."

"Basi kimbia, binti. Kinaondoka baada ya dakika kumi."

Nilikimbia. Nikamkuta mzee kwenye foleni ya magari, nikamwambia kwamba nilichosema si kweli, hakuna anayejua.

"Umekimbia kote huku kuja kuniambia hujui?" alicheka. Lakini mjukuu wake alikwisha kushuka garini.

Waliacha kivuko kiende, wakarudi nami, wakakaa mbele ya kabati la saba hadi tulipofunga. Mtoto alichora makisio yake: manyanga ya mtoto mchanga, kengele ya mlangoni, kitu cha kuamshia wapishi. Eivind alisimama nyuma yao kwa muda mrefu. Kesho yake alileta sanduku la mbao, penseli na karatasi, akaviweka chini ya kadi. "Iacheni hapo hapo," alisema, "hata Torbjørg akishaondoka." Mpaka leo tuna makisio mia mbili na kumi na mawili, na Eivind mwenyewe ndiye anayetusomea wakati wa kahawa.

Kwa miaka yote hiyo Torbjørg hajawahi kukisia. Jana, kwa mara ya kwanza, alitumbukiza karatasi yake sandukuni. Tulishindwa kuvumilia, tukaifungua. Aliandika: "Bado sijui. Nitapita Alhamisi ya wiki ijayo kuuliza."

Asante, Torbjørg, kwa kadi zako na kwa kutokunigombeza siku ile. Tunakutakia afya njema, samaki wengi na mashua isiyovuja. Alhamisi kahawa itakuwa tayari. Uje uulize, nasi tutakujibu kama ulivyotufundisha.

Synnøve, mapokezi