Firigisi Aliyoikataa Afisa Honorata

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, wataalamu wa mifugo na wa afya, majirani zangu wa Buzebazeba, na wewe Honorata, afisa mifugo wetu tunayekuaga leo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi Gervasi nimesoma mpaka darasa la tano, ila la tano la zamani. Jogoo wangu akiwika hapa, hata kata ya jirani, Gungu, wanaamka. Hilo halina ubishi.

Mwaka jana Honorata alipita nyumba kwa nyumba akituambia: kuku wakizubaa au kufa ghafla, msichinje, msinyonyoe, toeni taarifa, maana mafua ya ndege huweza kumwingia binadamu. Nikaitikia vizuri sana, nikamkaribisha chakula. Je, mgeni kama huyo aondoke bila kuchinjiwa? Na sisi huwa tunaanza na kuku yupi, kama si yule anayetaka kufa mwenyewe? Nikachinja. Mpwa wangu Wema, wakati huo mwenye mimba ya miezi saba, akanyonyoa.

Nikamwekea mgeni firigisi. Akauliza, "Mzee, kuku huyu alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, mpaka nilipomchinja."

"Na wale wawili walioinamisha vichwa uani?"

"Wanamlilia mwenzao."

Akasukuma sahani, mbele ya wakwe zangu, mimi ninayejulikana mpaka soko la Mwanga. Nikamwambia asikanyage kwangu tena. Alimnawisha Wema kwa sabuni mpaka viwikoni, akachukua vipimo vya kuku, nyama ikazikwa, nami nikabaki naikodolea macho sufuria tupu. Kisha kwa siku kumi alikuja na muuguzi kumpima Wema joto, na siku zote hizo sikumpa kiti.

Siku ya sita Wema alishikwa na homa. Siku hiyo sikusimulia hadithi yoyote.

Majibu yakaja: kuku walikuwa na kideri, si mafua ya ndege, na Wema alikuwa na malaria, akatibiwa. Wapo waliocheka, "Kelele zote zile, kumbe kideri tu." Nawauliza, ninyi mlijuaje kabla ya majibu? Wema yule pale, ananyonyesha.

Honorata, ndani ya tenga hili kuna tetea uliyemchanja wewe mwenyewe. Mkague mbele ya watu wote, mdomo, macho, hata mkia. Safari hii sinuni. Ukiridhika nitamchinja na kumnyonyoa kwa mikono yangu, na firigisi yako inakungoja. Kiti pia kipo.

Wengine mtapata maharage. Asanteni kwa kunitegea masikio.