Tundu la Ngoma ya Tata Mumba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto kidogo. Mtu tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa makelele. Tukimsimulia kwa haraka atatupita.

Ni Fundi Abibu wa Naviundu. Fundi Abibu, mwana wa mshonaji Amadi. Alifariki Jumatatu nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja, akazikwa Jumanne. Wengi mnamjua kwa jina la Abibu wa Ngoma, ingawa maisha yake yote hakujua kupiga ngoma. Mjane wake, Mama Zabibu, ametuambia kwamba hata makofi ya harusini alikuwa akiyakosea.

Alichojua ni chuma. Kwaya ikitaka ngoma yake isimame, walimwendea. Kikundi cha wachezaji kikitaka kulabu ya kuvalia ngoma begani, walimwendea. Aliweka miguu, kulabu, mara moja hata magurudumu, na hakutoboa mti wa ngoma. Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo. Bila tundu hata moja.

Alijifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe alilisimulia yeye mwenyewe mpaka mwisho.

Baba yake, Amadi, alitoka Kasongo na cherehani moja, akashona kanzu na makoti pale sokoni. Abibu hakupenda nguo. Alipofika miaka kumi na tisa aliingia atelye, karakana ya kampuni ya shaba, akawa ajusteur, fundi wa kukata na kuunganisha vyuma. Binti yake, Mama Feza, anakumbuka: "Baba alikuwa anaangaliaka tu buloni, anakwambia iko ya namba ngapi. Bila kupima. Na alikuwa anapendaka bantu bamuone."

Alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari.

Sasa twende mwaka 1974. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Kila mahali pa kazi palitakiwa kuwa na kikundi cha animation, watu wa kuimba na kucheza mbele ya chama siku za sikukuu. Kikundi cha atelye kiliongozwa na Symphorien, karani mwembamba mwenye haraka. Lakini majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo aliitwa Chomba, na aliyesahau alikumbushwa.

Chomba alitaka ngoma itakayosikika uwanjani tarehe ishirini Mei, sikukuu ya chama. Na ngoma hiyo ilikuwepo. Ilikuwa ya Tata Mumba, zamu, yaani mlinzi, wa lango la atelye, mtu wa Lukafu. Mjomba wake aliichonga katika gogo moja. Ilimfika mtu kiunoni. Ukiipiga, nyuma ya kila pigo ulifuata mvumo, kama nyuki waliogongewa mzinga. Pigo, kisha mvumo. Aliyeisikia mara moja aliitambua hata akiwa mbali.

Tata Mumba alikubali kuiazimisha. Chomba akaagiza iwekewe miguu mitatu ya chuma. Alisema ngoma ya chama haiwezi kubanwa kati ya mapaja kama mbuzi anayechinjwa. Kazi akapewa Abibu.

Tata Mumba akamwendea Abibu na sharti moja tu. "Abibu, mutoto wangu, hii ngoma usiitoboe. Hata tundu moja."

Abibu akamwapia kwamba hatatoboa.

Asubuhi iliyofuata aliigeuza ngoma kutafuta mahali pa kushikia miguu, akaona jambo lililomfurahisha. Ubavuni palikuwa na tundu tayari, la kuingiza kidole gumba. Lilizungushiwa nta nyeusi, na juu yake pamebandikwa kitu chembamba kama karatasi kuukuu, chenye nyuzi za buibui. Abibu alidhani ni ufa wa zamani uliozibwa kwa takataka. Akakwangua nta. Akatoa ile karatasi. Akasafisha kwa kitambaa chenye petroli, akapitisha buloni nene, yaani bolti, akakaza, akafunga miguu. Ngoma ikasimama wima. Kazi iliisha kabla ya saa sita, na neno lake alikuwa amelishika. Hakutoboa.

Jioni Tata Mumba alitoka langoni, akaipiga mara moja. Akangoja. Akaipiga tena. Ulisikika mti na ngozi, basi. Mvumo haukuja.

Hakufoka. Aliweka kiganja juu ya ile buloni.

Chomba akauliza kuna shida gani, mbona ngoma inalia.

"Inalia," Tata Mumba akasema. "Haisemi."

Abibu alijitetea. "Lakini sikutoboa, Tata."

"Hukutoboa. Uliziba."

Hapo ndipo Abibu alipoelezwa asichokijua. Ile karatasi, utando wa buibui, ndiyo iliyovuma kila ngozi ilipopigwa. Iliwekwa na mjomba mwenyewe, ikatunzwa miaka. Ukoo wa Mumba walisema mvumo ule ni waliotangulia, wanaitika. Na Jumamosi, siku mbili kabla ya sikukuu ya chama, kule Lukafu ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya Mutale, dada yake Mumba. Ngoma ilipaswa kuingia kijijini ikisema, tangu barabarani. Ikiingia bubu, Mutale ataagwa na nani?

Tata Mumba akamaliza kwa upole. Kama ngoma haitasema, ataichukua, na haitarudi mjini tena. Zilibaki siku kumi na mbili.

Abibu hakula siku ile. Mama Zabibu anasema alikuwa akirudia neno moja: "Nilikuwa na haraka. Sikuuliza."

Kesho yake alianza kutafuta. Alichohitaji ni kile kifuniko cheupe ambacho buibui wa nyumbani hubandika ukutani juu ya mayai yake. Ni cha duara, kama sarafu, chembamba kama karatasi ya sigara. Kijijini watoto hukichezea. Lakini nyumba za wafanyakazi zilipuliziwa dawa ya mbu, na kuta zilipakwa chokaa. Kwake mwenyewe, Zabibu alikuwa amepaka chokaa mwezi uliopita, kwa ajili ya Maulidi. Hapakuwa na buibui hata wa kuhesabia.

Basi fundi mzima akapita mlango kwa mlango, akiomba kuangalia nyuma ya kabati za watu. Wanawake walicheka mpaka wakashika ukuta. Jirani mmoja, Jeanne, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mu nyumba yangu hakuna buibui, Fundi. Enda utafute kwa mama mukwe yako." Maneno yakamfikia Zabibu, naye akamwuliza mumewe kama ameajiriwa kukagua uchafu wa wenzake.

Siku tano zilipita. Alipata vifuniko viwili, vyote vimechanika.

Siku ya sita alikwenda ofisi ya chama kumwambia Chomba ukweli, kwamba ngoma itaondoka. Chomba alikuwa anaandika. Abibu akangoja, akainua macho. Ukutani ilitundikwa picha kubwa ya Kiongozi, ndani ya kioo. Kila asubuhi kioo hicho kilifutwa. Lakini fremu iliinama mbele kidogo, na katika ule mwanya wa juu, nyuma ya picha, Abibu aliona kitu cheupe. Cha duara. Kisha kingine.

Kila mtu aliifuta picha ile kwa mbele. Miaka yote hakuna aliyethubutu kuitungua.

"Symphorien," Abibu akanong'ona.

"Chomba."

"Chomba. Angalia nyuma ya picha."

Chomba alikataa. Alikataa mara tatu. Alimkumbusha habari za mtu aliyeulizwa maswali siku mbili kwa sababu picha kama hiyo ilimponyoka. Abibu hakubishana. Alisema tu kwamba ngoma ya Mumba ikienda haitarudi, na siku ya sikukuu kikundi kitapiga mabidoni matupu ya mafuta.

Chomba akafikiri. Kisha akafunga mlango, akaweka kiti nyuma yake. Picha aliitungua yeye mwenyewe, hakutaka mkono wa mwingine. Akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, macho mlangoni, jasho likimtiririka, huku Abibu akibandua vifuniko kwa wembe.

"Mbio, Abibu. Na usipige chafya."

Vilikuwa vinne. Kimoja kilichanika, vitatu vikatoka vizima. Picha ikarudi mahali pake, na Chomba akakifuta kioo kwa mkono wa shati, ingawa kilikuwa safi. Leo tunaweza kucheka, wasikilizaji wapendwa. Siku ile hawakucheka.

Buloni ilitolewa kabisa, na Tata Mumba akabandika utando mpya juu ya tundu kwa nta. Lakini miguu bado ilitakiwa, na sasa hapakuwa na tundu la kuishikia. Abibu akakata pete ya chuma katika pipa, akaizungusha kwenye ngoma, akaikaza. Iliteleza, ikauma mti. Tata Mumba akamzuia.

Nyuma ya atelye kulitupwa vipande vya ule mkanda mweusi wa mpira unaobeba mawe ya shaba kiwandani. Abibu akakata kipande, akakiweka kati ya chuma na mti. Pete akaigawa nusu mbili, akaziunganisha kwa buloni pembeni, nje kabisa ya ngoma, akaiweka chini kidogo ya pale ngoma inapovimba. Hivyo uzito wa ngoma wenyewe uliikalisha ndani ya pete. Haikuteleza tena.

Lakini alipoikaza kwa nguvu za fundi, mvumo ukapotea mara ya pili, na utando ulikuwa mzima. Abibu hakuelewa. Tata Mumba alikaa kando kwenye sanduku, akawa anapiga kwa vidole na kusikiliza.

"Rudisha," alisema. "Rudisha tena. Apa. Acha apa, inapumua."

Abibu hakusikia tofauti. Siku ya pili hakusikia. Siku ya tatu, aliporudisha spana nusu mzunguko, akausikia mvumo unatoka chini ya mikono yake, mdogo, kisha mkubwa. Mama Feza anasema baba yake alipofika hapo katika kusimulia, siku zote alizungusha kiganja nusu, kana kwamba bado kimeshika spana.

Jumamosi Abibu alikwenda Lukafu pamoja nao, juu ya kamyo, lori la mizigo. Mama Chola, binti ya Mumba, alikuwepo. Anasema ngoma ilianza kupigwa barabarani, na wazee waliokuwa wamekaa walisimama kabla hawajaiona. Pigo, kisha mvumo.

Lakini baada ya mzunguko wa kwanza Tata Mumba alisimamisha mikono, akamwita Abibu mbele ya ukoo wote. "Huyu njo alimuziba ngoma mudomo," alisema. "Na huyu njo alimufungua."

Abibu alitazama chini. Hakujua kama atafukuzwa au la. Kisha shangazi mmoja mzee akasema: "Basi akae karibu nayo. Aangalie kama iko inasema." Wakamletea kiti kidogo. Alikaa kando ya ngoma mpaka matanga yakaisha na Mutale akaagwa.

Jumatatu ngoma ilisimama uwanjani juu ya miguu mitatu. Kikundi cha Chomba kilishika nafasi ya tatu, na Chomba alilalamika mwaka mzima.

Toka hapo, ngoma zilianza kumfuata Abibu nyumbani. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliwafanyia watu wa Kasapa, wa Naviundu, hata wa vijiji vya mbali, pete za chuma zenye mpira ndani. Lakini mlipokuja kwake na ngoma hakushika spana. Alikaa. Alimwomba mwenye ngoma aipige kwanza, kisha alionyesha kila alama na kila tundu, akiuliza: hii ni ya nini, na hii? Wengine walichoka na maswali. Kijana mmoja mpiga ngoma alimwambia ni ngoma tu, Tata, fanya kazi. Abibu alimrudishia ngoma yake akamwambia aje na baba yake.

Mama Feza ametuachia maneno haya: "Baba alikuwa anatuambia, mi nilishika neno yangu yote, na ngoma ya muntu ikakufa mu mikono yangu. Niliapa sitatoboa. Sikuuliza anaogopa nini."

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu ziende kwa Mama Zabibu, kwa Mama Feza na ndugu zake, na kwa mafundi wote waliojifunza spana mkononi mwake. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Nasi tulionyooshewa mkono na wenzetu, tukaaminiwa kitu chao, tukae leo tujiulize: tunajua wanaogopa nini?

Msiba uko nyumbani kwake, Naviundu, mpaka Alhamisi. Watu wa ukoo wa Mumba walifika jana kutoka Lukafu, wakiwa na ngoma yao. Hawakuingia nayo. Walisimama nje, wakamtuma Mama Chola peke yake aulize kama katika msiba wa Waislamu ngoma inaruhusiwa. Mama Zabibu akawajibu kwa heshima kwamba hapana. Basi wakaifunika kwa kitenge, wakaiacha kwa jirani, wakaingia mikono mitupu, wakakaa.