Mzee Wandera na Miaka Kumi na Miwili ya Mama Nyawech

Mzee Cosmas Wandera, Karani Mkuu wa Kituo cha Hati na Safari hapa Lodwar, anastaafu leo Jumamosi tarehe 31 Oktoba 1998, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba na miezi minane. Wenye kadi za mwaliko zinazosema 31 Agosti wasimlaumu mpiga chapa. Mpiga chapa ni mimi, na hiyo ndiyo tarehe niliyopewa. Kilichomchelewesha miezi miwili ni kosa lake mwenyewe, na kwa kuwa ofisi hii haijawahi kumsikia akikiri kosa lingine lolote, mtaniwia radhi nikilieleza kwa kirefu.

Mzee alifika Lodwar Machi 1971 kutoka Samia, juu ya lori la mahindi la kutoka Kitale, akiwa amevaa koti na tai. Wenyeji walimhurumia, wakasema jua litamvua lile koti kabla ya wiki kwisha. Jua limeshindwa. Joto likipanda hadi mbuzi wakakataa kutembea, Mzee hulegeza tai kwa upana wa kidole kimoja, basi.

Kazi yake ilikuwa kuwaandalia hati watu wote wa huku waliopata mwaliko wa kwenda ng'ambo: mapadre, walimu, wauguzi, wavuvi wa Longech walioitwa kwenye maonyesho, na tangu 1992, wakimbizi wa Kakuma. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wowote, na pasipoti hana. Mganga hajigangi. Lakini masharti ya kuingia Ulaya anayajua kama Baba Yetu, na mji wa Brussels, ambako wasafiri wetu wengi huenda, anaweza kuueleza kuanzia mlango wa ndege hadi kwenye mkanda wa mizigo. Viza, barua ya mwenyeji iliyogongwa muhuri na manispaa yake, tiketi ya kurudi, bima ya matibabu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kahawa isizidi gramu mia tano, majani chai gramu mia moja, nyama hapana, maziwa hapana. Ukimsalimu sokoni kwa ejok ya Kiturkana, ataitikia vizuri, kisha atakuuliza pasipoti yako inaisha lini.

Hakuna aliyesafiri kupitia kituo hiki bila kupita kwanza kwenye Brussels ya Mzee. Brussels hiyo ipo nyuma ya stoo. Ni kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili ya mafuta na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza Mzee ni afisa wa uhamiaji, mkali, hatabasamu. Ukishamaliza naye anahamia meza ya pili, anageuza kofia, na sasa ni afisa wa forodha, mkali zaidi. Walimu wakuu wametoka pale wakitetemeka. Mwalimu Lokeno wa Lorugum alirudishwa nyuma ya kamba mara nne kwa sababu ya ekicholong chake, kile kigoda cha wanaume wa Kiturkana, ambacho alikataa katakata kukiacha nyumbani. Hatimaye Mzee alimwandikia barua iliyosema kwamba kifaa hiki ni kiti, usiku huwa mto, na si silaha. Mwalimu alikwenda nacho, akakikalia kwenye foleni yote ya uwanja wa ndege, akarudi nacho.

Miaka ya karibuni Mzee alisoma mahali kwamba forodha za Ulaya zina mbwa wa kunusa mizigo. Akaona mafunzo yetu yana pengo. Dereva wetu Barasa, aliyetakiwa kuliziba, alisema yeye ana mke na watoto na hawezi kuitwa mbwa mbele ya watu. Walibishana siku mbili wakakubaliana kwamba cheo chake kitakuwa Afisa Mnusaji. Sikuwahi kuona kazi ikifanywa kwa moyo kama ile. Barasa aliweza kugundua samaki mkavu ndani ya sanduku lililofungwa, ndani ya shuka tatu, na bado akataja kama ni wa Longech au wa Kalokol.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Mwaka 1992, watu walipokuwa wakiingia Kakuma kutoka Sudan kwa maelfu, kila aliyejua kushika kalamu aliombwa akasaidie kuandikisha. Kituo chetu kilitoa watu wawili, Mzee na mimi. Mimi nilikaa meza ya vijana, Mzee meza ya akina mama. Wengi hawakujua tarehe ya kuzaliwa, na utaratibu wa siku hizo ulikuwa kumwandikia kila mmoja Januari mosi, kisha mwaka unakadiriwa kwa kumtazama uso. Ndiyo maana Kakuma nusu ya kambi huzeeka siku moja. Kijana mmoja aitwaye Reath alinifikia mimi na cheti cha ubatizo, nikamwandika 1969 bila wasiwasi. Mama yake, Mama Nyawech, alimfikia Mzee bila karatasi yoyote. Mzee alimtazama. Alikuwa amesafiri kwa miguu wiki nyingi, lakini uso wake, kwa maelezo ya Mzee mwenyewe, ulikuwa umekataa habari hiyo. Akaandika 1960, akagonga muhuri.

Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali Mama Nyawech alimzaa Reath akiwa na umri wa miaka tisa. Miaka sita ikapita bila mtu kupiga hesabu hiyo. Reath alipata makazi Brussels, akapata kazi, akapata mchumba, na Julai mwaka huu akamwalika mama yake kwenye harusi ya tarehe 17 Oktoba. Mama hakuwa amemwona tangu 1994, na Reath ndiye mtoto pekee aliyebaki naye baada ya vita. Faili lilikuwa kamili kiasi cha kutia raha. Mzee alilipeleka ubalozini akisema hilo ndilo faili lake la mwisho na litakuwa pambo la kazi yake.

Lilirudi baada ya wiki mbili. Ubalozi ulisema, kwa adabu, kwamba mwombaji hawezi kuwa mama wa anayemwalika.

Mzee alisoma ile barua akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Aliniomba daftari letu la kuandikishia Kakuma la 1992. Aliuona mwandiko wake, ule mzuri wa herufi zinazolala upande mmoja, na hakulifunga hadi jioni. Nilimhurumia kweli. Nilitaka pia kumkumbusha kwamba meza yangu haikukosea, lakini nilingoja hadi kesho yake.

Dawa ilijulikana: barua ya karani aliyeandikisha, akikiri kwamba alikosea, pamoja na hati ya kiapo na mashahidi. Mashahidi walipatikana upesi. Mzee na Barasa walikwenda Kakuma, na Mama Nyachuol na Mama Nyariek, waliocheza na Nyawech utotoni, wakaapa kwamba wote watatu walizaliwa karibu na 1948. Ugumu ulitoka kwa Nyawech mwenyewe. Yeye ni mwenyekiti wa Umoja wa Mama Vijana wa kanisa lao, na katiba ya umoja huo inasema mwanachama asizidi miaka arobaini. Kwa karatasi za Mzee alikuwa na thelathini na minane, na uchaguzi ulikuwa karibu. Aliitazama picha ya Reath iliyobandikwa ukutani. Kisha akamwambia Mzee, "Mimi nazaa yeye, mimi najua. Andika hamsini. Lakini wewe hapana soma kwa sauti."

Ikabaki barua. Ndugu zangu, nimepiga chapa barua nyingi za Mzee, ila hii niliipiga mara kumi na moja. Kwenye rasimu ya kwanza hitilafu ilitokea. Kwenye ya pili kalamu iliteleza. Kwenye ya tatu vumbi lilikuwa jingi, kwenye ya nne jua lilikuwa kali, na kwenye ya sita Mzee alikuwa amefika mahali pa kumlaumu Nyawech kwa kutozeeka inavyotakiwa. Nilimwambia kosa moja haliachi mke. Akajibu kwamba huyu si mke, ni ubalozi. Siku ya nne alikuja mapema, akavuta kiti karibu na mashine yangu, akanisomea polepole sentensi moja: Mimi, Cosmas Wandera, nilikosea, na mama huyu asiadhibiwe kwa kosa langu. Niliipiga chapa na macho yangu hayakuwa makavu. Chini yake aliongeza kwamba mama atarudi, na yeye mwenyewe atakuwa mezani pake kumpokea. Hapo ndipo tarehe ya kustaafu ilipoondoka Agosti ikaenda Oktoba, kwa maana huwezi kumpokea mtu kwenye meza iliyokwisha kupewa mwingine. Mkurugenzi alikubali bila hata kumaliza kusikiliza.

Ubalozi ulisema utapiga simu kuthibitisha. Mzee aliilinda simu ile siku tisa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Barasa, ambaye mke wake alikuwa karibu kujifungua, alipewa habari za mtoto wake kwa lori la mboga. Simu ilipolia, Mzee alisimama, akafunga vifungo vya koti, ndipo akainua mkono wa simu. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Ndiyo, nilikosea. Ndiyo, mimi mwenyewe. Ndiyo, atarudi, nina daftari.

Viza ilitoka Alhamisi tarehe 8 Oktoba. Mama Nyawech alipitishwa kwenye kamba mara tatu, na Afisa Mnusaji akamkuta na kilo mbili za kahawa zaidi ya kiwango. Aliziacha kwa masikitiko. Samaki mkavu wa harusi aliruhusiwa kwa sharti kwamba amtangaze mwenyewe, kwenye mlango mwekundu, ule wa wenye vitu vya kutangaza, bila kuulizwa. Jumanne tarehe 13 akaondoka.

Yaliyotokea huko tumeyasikia kwake mwenyewe. Afisa wa uhamiaji alimuuliza amekuja kufanya nini na atarudi lini, maneno yale yale ya nyuma ya stoo, na Nyawech akajibu bila kusita. Kisha afisa akafungua ukurasa wenye mwaka wa kuzaliwa. Nyawech akaona midomo ya afisa inaanza kucheza, akaweka kidole mdomoni na kutikisa kichwa. Afisa akamtazama, akaangalia kushoto na kulia, akagonga muhuri kimyakimya. Kwenye forodha alikwenda mlango mwekundu, akatangaza samaki. Mbwa akaja, mbwa wa kweli, akaketi mbele ya begi lake na kukataa kuondoka. Nyawech akamwambia, "Barasa, toka! Mimi nasema kila kitu." Samaki alipimwa, akatazamwa na maafisa wanne, akaruhusiwa, na akaliwa kwenye harusi. Mbwa yule hadi leo ni Barasa kwa Kakuma yote, na Barasa wetu anasema jambo hili ataliombea.

Sasa kuhusu lile daftari la wasafiri alilolitaja kwenye simu. Lina safu mbili, Ameondoka na Amerudi. Kwa miaka yote hii amewaandika wasafiri mia mbili na kumi na tatu. Saba hawana kitu kwenye safu ya pili, na Mzee anawajua wote kwa majina na bado huuliza habari zao. Jumatano wiki hii alikuwa mezani pake tangu asubuhi, bila kula chochote. Basi la Kitale lilichelewa. Saa tisa Mama Nyawech aliingia na vumbi lote la njia, hajafika hata nyumbani Kakuma, akasimama mbele ya meza na kusema amekuja kuandikwa. Mzee aliandika Amerudi kwa ule mwandiko wake unaolala upande mmoja. Mama akaomba kuuona, ingawa hasomi, akaugusa kwa kidole. Mzee alitoa kitambaa akasema ni vumbi.

Mama Nyawech ameshapoteza uenyekiti. Umoja wa Mama Vijana umemfanya mlezi, na yupo nasi leo kwenye mstari wa mbele.

Alipoondoka siku ile, Mzee alifungua mstari mpya. Akaandika namba mia mbili na kumi na nne, Cosmas Wandera, aendako Samia, sababu kupumzika, Ameondoka 31 Oktoba 1998. Kisha akachukua rula ili apige mstari kwenye safu ya pili, kama anavyofanya daftari linapofungwa. Nilimnyang'anya ile rula. Ni mara ya kwanza kumkosea adabu, na sijutii.

Mzee wetu, asante kwa barua zote, kwa kamba na mapipa yako, na kwa sentensi ile moja. Ofisi itakuwa kimya bila wewe na mimi nitalia, hilo nalisema mapema lisimshangaze mtu. Uwe na afya, mvua ikunyeshee shamba, na wajukuu wakuache ulale mchana. Daftari nimelifungia kwenye kabati langu, na safu yako ya pili iko wazi.

Mugure, Mpiga Chapa