Gasketi Mbili za Fundi Kompresheni

Ndugu waombolezaji, nasoma wasifu wa mjomba wangu kama alivyoishi, si kama karatasi niliyopewa na meneja wake, yule pale mbele mwenye miwani nyeusi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na tarehe 2 Juni 1984 akaajiriwa katika chumba cha jenereta cha kiwanda cha sabuni, chenye dirisha moja, nalo halifunguki, akaitwa Kompresheni, maana ukimsalimia tu anakueleza kwamba dizeli haina plagi, hewa ikibanwa mara kumi na nane ndipo inapata moto wa kuwasha mafuta. Alioa tarehe 17 Desemba 1988, mkewe anasema hata siku ya posa alinukia grisi, wakajaliwa mabinti wawili, na mimi, mtoto wa dada yake, akanilipia chuo hadi digrii ya mitambo, ambayo sasa ina miaka minne kabatini.

Mwaka jana silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipinda, meneja akaona kuichonga ni gharama, akaagiza zipachikwe gasketi mbili za kuziba chini yake badala ya moja, mjomba akagoma, akisema nafasi ndani ya silinda ikiongezeka hewa haitabanwa ipasavyo, mafuta yatatoka hayajaungua, na moshi mweupe utawamaliza humo ndani. Basi bwana mkubwa akanitafuta mimi, graduate wa kijiweni, akaniahidi kazi, permanent kabisa, nikiandika kwamba hakuna madhara. Nilipiga hesabu, ile kumi na nane ya mbano ikashuka hadi kumi na tano na nusu, nikaiona kwa macho yangu, nikaandika "no significant effect", nikasaini. Mjomba aliposoma jina langu alisema mwanangu kasoma, anajua kuliko mimi, akaifunga gasketi ya pili kwa mikono yake.

Kazi sikupewa, kikohozi alipewa. Alilazwa tarehe 11 Mei mwaka huu, akafariki tarehe 3 Juni saa sita mchana, na daktari alituambia wazi kwamba mapafu yenye pumu ya zamani hayakuuhimili moshi ule, ila karatasi ya meneja inasema maradhi ya kawaida. Kawaida ya nani? Nimeisoma, kisha nikakumbuka yangu, nikakaa nikaiandika upya.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mliotuchotea maji, na wenzake wa zamu, ambao kesho mnarudi chumba kilekile: hesabu ya kweli hii hapa, nimeisaini, nawakabidhi mbele ya jeneza lake, msiiwashe ile injini.

Mjomba, ulisema kweli, mimi ndiye niliyekudanganya. Pumzika pasipo moshi.