Bakora Iliyobaki Mlangoni: Marehemu Bwana Barka Ridhwani, Koplo Mstaafu (1968–2025)

Wasifu huu umeandikwa na bintiye, Razan, na kusomwa na ndugu wa marehemu, Bwana Ubaid, katika hitma ya siku ya tatu, Langoni, Amu, Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025.

Jamaa na majirani, mtu akifa husemwa mema yake, na mema ya Bwana Barka si haba. Lakini Bwana Barka alidhulumiwa, na mwenyewe aliusia kwamba siku ya kusomwa habari zake, dhuluma ile isirukwe kwa ajili ya adabu. Alisema adabu imekwisha kumponza mara moja, na mara moja yatosha.

Alizaliwa Kipungani tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa Mzee Ridhwani na Bi Hadia, Mungu awarehemu wote wawili. Bi Hadia alikuwa fundi wa mikeka, na mtoto huyu alikaa miguuni pake akachezea miyaa hata vidole vikajifunza vyenyewe. Alipofika miaka sita alikwisha kujua kusuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, kazi ambayo wavulana wenzake waliikimbia wakisema ni ya wanawake.

Alihitimu Korani mwaka 1979 kwa mwalimu wa chuo hapo hapo kijijini, akasoma shule ya msingi Kipungani, kisha sekondari hapa Amu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985. Hesabu alizijua, Kiingereza alikiandika kwa mwandiko wa kupendeza. Mwandiko huo ndio uliojaza barua za maombi na rufaa miaka kumi na moja, mpaka vidole vilipochoka Razan akapokea kalamu.

Mwaka 1988 alijiunga na jeshi. Wenzake wa kambini walimcheka walipomkuta kitandani anasuka ukili siku ya mapumziko. Aliwaacha wacheke. Baada ya mwezi mkeka ulikamilika, akautandika, akaswali, akalala juu yake adhuhuri ya joto, na wiki ile ile sajenti wake akaja kwa sauti ya chini kuuliza kama angepata wa kwake. Watu kumi na wawili walitoka jeshini na mikeka ya Kipungani, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba ni kazi ya wanawake.

Tarehe 20 Oktoba 1995 alimuoa Bi Saadiya Husni wa hapa Langoni. Walijaaliwa watoto watatu. Bi Saadiya husema mumewe hakuwahi kumpandishia sauti, isipokuwa siku yeye Bi Saadiya alipotaka kuitupa ile barua ya kwanza ya bodi ya mafao ya jeshi, naye mumewe akamwambia, "Iweke. Uwongo ukitupwa hauna shahidi."

Sasa tuje kwenye mguu. Tarehe 9 Agosti 2011, kaskazini karibu na Kiunga, lori la maji lilinasa mchangani. Askari walishuka kusukuma. Lori lilirudi nyuma, likaubana mguu wa kushoto wa Bwana Barka kati ya gurudumu na gogo walilolitia kuzuia. Kifundo kilipondeka. Alifungwa bendeji hapo hapo, na katika daftari la siku ile mtu mmoja, ambaye hata hakumvua kiatu, akaandika: "Kuteguka kidogo." Baada ya wiki sita alirudishwa kazini. Alistaafu mwaka 2013 akitembelea bakora, ametumikia nchi miaka ishirini na mitano.

Mwaka 2014 aliomba mafao ya ulemavu. Jibu lilikuja mwaka uliofuata: daftari lasema kuteguka kidogo, maumivu ya sasa ni ya umri. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Wazee wa Amu wenye miaka themanini wanapanda ngazi za nyumba zao za ghorofa kila siku, na mtu wa arobaini na saba akaambiwa ni mzee. Akakata rufaa.

Rufaa ya kwanza ilisikilizwa Nairobi tarehe 21 Februari 2017. Alifika kwenye chumba kile, akaona zulia, akaona watu watatu wamekaa mwisho wa chumba wanamngoja. Bwana Barka alivua makubadhi mlangoni, akaiegemeza bakora ukutani kando yake, kama afanyavyo kila mtu wa hapa anapoingia kwa watu. Akatembea juu ya zulia akiuma meno, akatoa salamu, akampa kila mmoja mkono. Hukumu ilikuja baada ya miezi minne, na maneno yake ni haya: "Mwombaji aliingia bila kifaa cha kumsaidia, akatembea hatua kumi na moja, akasalimiana na wajumbe wote. Ulemavu anaoudai hauonekani."

Razan alilia aliposoma. Alimuuliza, "Baba, kwani bakora ungaliingia nayo wangalikufanyani?"

Akamjibu, "Mwanangu, mtu haingii nyumba ya watu na bakora kama yuwaya kupigana. Nimekuya kuomba haki, sikuya kwa vita."

Rufaa ya pili ilikuwa mwaka 2019. Safari hii aliingia nayo. Wakaandika kwamba mwombaji amekuja na mkongojo ambao hakuwa nao mara ya kwanza, na jambo hilo linatia shaka. Naam, ndivyo walivyoandika, na karatasi ipo kwenye bahasha pale dirishani kwa asiyeamini. Akiiacha bakora, mzima. Akiishika, mwongo. Mtu wa namna hii alitakiwa aingie vipi, atambae?

Ya tatu, mwaka 2022, alipeleka mashahidi. Msikitini kwetu kila mtu anajua kiti cha plastiki cha safu ya nyuma. Kwa miaka kumi na moja Bwana Barka aliswalia juu ya kiti kile kwa sababu kifundo hakikukubali kukunjwa, na aliyekuwa fundi wa mikeka ya kuswalia hakuweza tena kukaa juu ya mkeka wake mwenyewe. Safu nzima ya nyuma ilitia saini. Bodi ilijibu kwamba swala si kipimo cha kitabibu. Aliposomewa jibu hilo alicheka, akasema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Akaenda kutengeneza majiko ya watu barazani kwake, kazi iliyomlisha tangu astaafu, akaanza barua ya nne.

Watu walimshauri aachane nayo. Wengine walidhani ni tamaa ya pesa. Bi Saadiya aliwahi kumuuliza hasa anataka nini, akamwambia, "Nataka wafute lile 'kidogo'. Mengine watayajua wenyewe na Mola wao."

Mwezi wa Agosti mwaka huu kidonda kilifunguka pale kifundoni. Tarehe 11 Septemba alilazwa hospitali hapa Amu. Daktari aliyemtibu alitueleza bila kuficha kwamba mfupa ulikwisha kuoza ndani siku nyingi, na usaha umeingia kwenye damu. Tarehe 27 aliomba arudishwe nyumbani.

Jumanne tarehe 30 alimwita Bwana Jamaludin, anayewaosha maiti wa kiume wa mtaa huu. Bi Saadiya na Razan walikuwepo. Mwosha hasemi alichokiona. Hiyo ni amana, na Bwana Jamaludin ameishika miaka thalathini. Bwana Barka akamwambia, "Jamaludin, mengine yafinike. Lakini utakaloliona guuni nimekuhalalishia. Wambie."

Bwana Jamaludin akakataa. "Mimi sisemi la maiti, Bwana Barka."

"Hili si la maiti. Ni langu, na mimi ni hai."

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba, baada ya swala ya alfajiri, akiwa na miaka hamsini na saba. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Na jioni, Bwana Jamaludin alikaa barazani mbele ya watu akasema alilohalalishiwa: "Kifundo kilikuwa kigumu kama jiwe, kimepinda ndani, na mfupa waonekana kwa mato. Nimeyaribu kuliweka guu sawa na mwenziwe, halikukubali. Nimemfunga sanda vivyo hivyo." Kisha akaomba karatasi, akayaandika, akatia saini na dole gumba juu yake ili wa bodi wasipate la kusema.

Jana, Ijumaa, Razan alipiga simu ofisi ya bodi, kwa kuwa rufaa ya nne ilipangiwa tarehe 18 Novemba. Afisa alimpa pole, kisha akasema jalada litafungwa kwa sababu mwombaji hatafika. Razan akamwambia sheria yao wenyewe inamruhusu mjane kuendelea. Afisa akasema basi mjane afike mwenyewe. Akaambiwa mjane yuko edani. Akauliza eda ni ugonjwa gani, na kama ana barua ya daktari.

Marehemu ameacha mjane, Bi Saadiya, watoto, Razan, Musab na Aaliya, wajukuu wanne, nduguye, Bwana Ubaid, na safu ya nyuma ya msikiti, ambayo kiti chake hakijaondolewa.

Bi Saadiya atakaa eda yake nyumbani kwake kwa heshima yake. Ametia saini ya uwakilishi, na Razan atakwenda Nairobi kwa niaba yake, pamoja na Bwana Jamaludin na karatasi ya mwosha. Watavua viatu mlangoni kama walivyolelewa. Bakora ya baba yake ataingia nayo, aiweke mezani mbele ya watu wale watatu, awaombe wafute neno moja.

Mwenyezi Mungu ampanulie kaburi lake, anyooshe miguu yote miwili. Amin.