Benchi Lililomtoa Waziri

Pale kwenye kona, kati ya banda la kinyozi na ukuta wa shule ya msingi, kuna benchi refu la mbao ambalo halijui kupumzika. Wenyewe ni watatu, wengine wote ni wageni. Kuna kinyozi mwenyewe, anayeitwa Spika kwa sababu hakuna anayefungua mdomo kijiweni bila ruhusa yake. Kuna fundi saa, Dakika, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Na kuna Profesa, aliyekuwa mlinzi wa maktaba akatoka na usomi wa kutosha. Kahawa anauza Shangazi, na siku hiyo Shangazi alikuwa hashikiki. Mwalimu wa jiografia wa upande wa pili wa ukuta, yule aliyekuwa akija kila jioni kusahihisha madaftari kwenye benchi hilo hilo, alikuwa ameapishwa kuwa Waziri wa Elimu. Tangu asubuhi Shangazi alikuwa akimtangazia kila mteja kwamba Mwalimu atakuja kunywa kahawa yake hapo.

— Waziri hanywi kahawa barabarani, Shangazi, Spika alimwambia. Ana mtu wa kumwonjea.

— Yule atakuja. Atakaa pale pale pake, mwishoni, penye mguu mbovu.

— Akikaa hapo, mimi nafunga banda nalima matikiti.

Wakacheka, na Shangazi akacheka nao, ila kilimchoma. Kama Mwalimu amewasahau, basi miaka yote ile alikuwa mteja tu, na yeye alikuwa amemhesabu ndugu.

Ukaanza ubishi wa nani hasa alimpandisha cheo. Spika alidai ni kazi ya mikono yake. Siku Mwalimu alipokwenda kwenye usaili wa ualimu mkuu, yeye alimnyoa kwa mbele mpaka paji la uso likawa pana, na wale wakubwa wakadhani wanaona akili.

— Akili gani, Dakika akasema. Mimi ndiye niliyemsogezea saa yake mbele bila kumwambia. Kila kikao akawa anafika wa kwanza. Walipotaka mkaguzi wa shule, ukumbini alikuwa yeye na mfagiaji.

— Na mfagiaji je?

— Alikuwa na kazi tayari.

Profesa alikohoa, maana yake wengine wote ni watoto wadogo. Akawauliza kama wamewahi kulitazama vizuri benchi wanalolikalia.

— Mguu mmoja mfupi. Mwalimu kakaa juu yake miaka, kalamu mkono huu, kikombe mkono huu, benchi linayumba, na hakuna tone lililomwagika. Mtu wa namna hiyo ukimpa wizara, nani atamyumbisha? Serikali ililiona hilo. Yule muuza karanga aliyekuwa akipita hapa, mbona hakuwa ananadi karanga zake? Mjiulize.

Wakajiuliza. Hata Shangazi alianza kumkumbuka yule muuza karanga kwa wasiwasi. Walikuwa wamekwishamfanya kanali wa ujasusi wakati redio ya Spika ilipotoa habari za mchana. Waziri mpya wa Elimu, ikasema, ametoa agizo lake la kwanza: kila dawati na kila benchi la shule lililoko mitaani lirudishwe mara moja, na yeye mwenyewe ataanza ukaguzi leo kwenye shule aliyofundishia zamani.

Dakika aliinuka polepole kama aliyekalia rangi mbichi. Wote walijua kilichoandikwa chini ya lile benchi kwa herufi nyeupe: Mali ya Shule. Na wote walijua limefikaje hapo. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelivuta kupitia geti jioni moja ya joto, akisema atalirudisha kesho.

— Hili ndilo la kwanza kutoka shuleni, Profesa akanong'ona. Anafuta ushahidi.

— Tutapigwa picha tumelikalia, akasema Spika. Tutaitwa genge.

Dakika alisikia malori ya askari, ingawa lililokuwa likipita ni gari la maji. Spika akaenda kuleta wembe ili akwangue zile herufi.

— Liacheni, Shangazi akasema. Alilileta mwenyewe.

— Mheshimiwa hakuleta kitu, Profesa akasema. Tuliiba sisi. Anza kuzoea kusema hivyo, Shangazi.

Alitaka kuwabishia, lakini macho yake yakapita getini mpaka darasa la kwanza, ambako watoto walikuwa wakiandikia mapajani, wamekaa sakafuni. Akakunja mikono ya gauni, akashika upande wenye mguu mbovu. Wakalibeba wanne mpaka darasani, kila mmoja akiwafundisha wenzake kubeba. Watoto walilivamia kabla halijagusa sakafu, na mwalimu wao hakuuliza linatoka wapi.

Muda si mrefu magari yakaingia shuleni moja kwa moja, vioo vimefungwa, hayakusita hata kidogo pale kwenye kona. Spika alimtazama Shangazi, akamsogezea ndoo ya maji. Upande wa pili wa ukuta zikasikika nyimbo, kisha makofi, kisha hotuba. Shangazi akaanza kusuuza vikombe visivyo na uchafu.

Geti likafunguka. Mwalimu akatoka kwa miguu, koti begani, wasaidizi wakimkimbilia kwa nyuma, akaja moja kwa moja kwenye birika.

— Shangazi. Ile ile, isiyo na sukari.

Akapokea kikombe, akapiga hatua mbili pembeni, akageuka bila kutazama, akajiachia kukaa. Msaidizi mmoja alimdaka makwapani akiwa amebakiza kidogo tu kufika chini. Kahawa haikumwagika hata tone. Waziri akasimama vizuri, akaliangalia lile vumbi lenye alama za miguu ya benchi, kisha akawaangalia wao, mmoja mmoja, kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

— Jamani, benchi letu liko wapi?

Wataalamu watatu, waliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, wakaangalia viatu vyao. Shangazi ndiye aliyefungua mdomo amweleze, lakini kicheko kikamtangulia, akashindwa kabisa kukizuia.